Mafundo ya Wageni

Shangazi aliingia uani asubuhi akiwa na mundu mkavu. Sasa, kwa wanawake wanaoishi kwa kukata mafunjo, kumwona mwenzako ana mundu mkavu siku ya kwanza ya kukata, saa ambayo angepaswa kuwa amelowa hadi mapajani, si jambo la kujuliana hali. Unauliza msiba uko wapi.

"Nani kafa?" akauliza Mama.

"Hajafa mtu, wifi. Kinamasi kimefungwa."

Mama akacheka, maana wifi yake alikuwa na tabia ya kukuza mambo. Mafua kidogo kwake yalikuwa homa ya mapafu. "Kimefungwa na nani? Kina mlango?"

"Kimefungwa kwa mafundo. Toka pale tunaposhukia mpaka kwenye kona, ukingo mzima. Wenzako wamesimama na miundu yao hawajui watie wapi. Wanakuita."

Kasuku alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, anasugua sufuria. Kasuku si jina lake. Baba yake, fundi baiskeli asiyeishiwa utani, alimbandika tangu utotoni kwa sababu alikuwa hasikii neno bila kulirudia, na jina likazidi kuganda alipomaliza shule na kutoka na lugha ya wageni mdomoni. Majuzi tu alikuwa mkalimani wa vijana wa kambi, wale waliotoka nchi za mbali na wengine mjini, waliokuja kujifunza namna wakataji wanavyokitunza kinamasi. Aliposikia mafundo, mkono wake ulisimama. Halafu ukaendelea kusugua, tena kwa nguvu zaidi, sufuria iliyokwisha kutakata.

"Acha vyombo," Mama akamwambia. "Twende tukaone huyo aliyetufungia."

*

Tueleweshane kwanza kuhusu fundo, maana kuna watu wakilisikia wanafikiria kamba ya kiatu.

Mwanamke akishakata kipande chake cha kinamasi, kabla hajajitwika mzigo, anachagua mabua ya ukingoni aliyoyaacha makusudi, anayakutanisha vichwa, anayasokota, anayafunga usawa wa kifua, kisha vile vishungi vya juu anavikunja ndani. Amemaliza. Maana yake ni kwamba hapa panapumzika, na anayepapumzisha ni mimi. Mafunjo yakirudi na kukomaa, yeye aliyefunga ndiye anayefungua. Mwingine akifungua, ni mwizi. Na mwizi huyo hakuna anayemtukana wala kumpeleka popote. Wenzake wanaacha tu kukata karibu naye. Tope la kinamasini linameza mtu hadi kiunoni, na ukizama huna wa kumpa mkono, utaijua faida ya majirani. Basi hapakuwa na mlinzi, wala uzio, wala faini. Palikuwa na fundo, na lilitosha.

Hayo ndiyo Mama aliyowafundisha vijana wa kambi. Walimletea kiti, wakamketisha mbele ya kamera, akawasimulia tope lake kwa raha zake zote. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwambia akae kitini aongee habari za tope. Vijana walijaribu kufunga kwa mabua aliyoyakata kwa ajili hiyo, wakashindwa, wakacheka. Aliyeweza ni mmoja, msichana mrefu waliyemwita Twiga, ambaye kwao ni kwenye misitu ya baridi, nako kuna bibi zao na miiko yao. Twiga alifunga, akafungua, akafunga tena mpaka mkono ukamzoea. Mama akaliinua fundo lake juu kila mtu alione. "Mgeni ana mkono kuliko wewe," akamwambia Kasuku, na Kasuku akatafsiri hayo nayo, kwani kazi ilikuwa kazi.

*

Kinamasini wanawake walikuwa wamesimama kwenye tope la pembeni. Mafundo yalikuwa kila mahali. Mengine yamelegea hata yanachekesha, mengine yamekazwa mpaka mabua yamevunjika shingo, mengine yametiwa na uzi wa rangi. Lakini yapo yaliyowatoa watu jasho. Hayo yalifungwa sawasawa, vishungi vimekunjwa ndani, na hakuna ambaye angeweza kusema hili si la mkataji.

"Hili ni lako?" Shangazi akauliza.

Mama akaligusa bila kulisogeza. "Linafanana na langu. Si langu. Mimi nimepumzisha kule ndani."

"Na lile la kona ni langu," akasema Shangazi, "au nadhani ni langu, maana sasa lina majirani wanaofanana nalo. Kama sisi wenyewe tunababaika, nani atajua?"

Mwanamke mmoja, Mama Pacha, akajishika kiuno. "Mama Kasuku, wewe ndiye uliyefundisha watu. Tuambie sasa."

"Nilifundisha maana yake. Wale vijana wasingeweza kufunga hovyo, niliwaambia na wakaelewa." Mama akamgeukia bintiye. "Uliwatafsiria au hukuwatafsiria?"

"Niliwatafsiria," akasema Kasuku.

"Basi si wao."

Kasuku alitazama vidole vya miguu yake vinavyozama. Angeweza kunyamaza. Mama yake alikuwa amekwisha kumjengea mlango wa kutokea, na mlango huo ulikuwa wazi. Lakini aliona jinsi wale wanawake walivyomtazama Mama.

"Ni wao," akasema. "Waliomba ruhusa. Mimi ndiye niliyewaruhusu."

"Wewe," akasema Mama Pacha.

"Mimi."

Hakuna aliyemtukana. Mama ndiye aliyeinama kunawa matope ambayo hayakuwepo mikononi mwake, na alipoinuka hakumwangalia mtu. "Haya," akasema, "nimesikia," na akatangulia njia ya kurudi nyumbani, huku wenzake wakimpisha apite kwa upana kuliko njia ilivyohitaji.

*

Baba alikuwa amepindua baiskeli ya mteja, anaikaza mnyororo. Alisikiliza yote bila kuacha kazi.

"Ilikuwa siku yao ya mwisho," Kasuku akaeleza. "Mama ulikuwa umepeleka mikeka sokoni. Twiga akasema kwao bibi yake akichuma kitu porini hafanyi hivihivi, anafunga kitambaa kwenye tawi kushukuru. Akaniuliza kama na wao wanaweza kufunga, kila mmoja, wakishukuru kinamasi."

"Na wewe unajua kwetu fundo si shukrani," akasema Mama.

"Najua."

"Ulimwambia?"

"Alikuwa ameshalijua. Alisema, kama haifai tuache. Alisema hivyo, Mama, sitaki kumsingizia. Akaniuliza mimi. Wote wakanitazama mimi."

"Ukashindwa kusema hapana? Ulimi wenye lugha mbili?"

Kasuku akawa analia sasa, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Muda wote nilikuwa narudia maneno ya watu. Mama anasema hivi, Mratibu wa kambi anasema vile, wageni wanauliza hivi. Hakuna aliyewahi kuniuliza wewe unaonaje. Siku hiyo waliniuliza. Nikasema fungeni. Nikajua kesho yake nitakuja kuyafungua kabla hamjayaona. Kesho yake tukawasindikiza uwanja wa ndege. Halafu kila siku nikawa nasema kesho."

Baba akaisimamisha baiskeli, akazungusha gurudumu. "Kumbe jina nililokupa ndilo limetuponza," akasema. Alitaka iwe utani, ikatoka vibaya, na mwenyewe akaona. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta mafuta vidoleni kidole baada ya kidole.

Shida ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Mvua zilikuwa njiani. Zikishuka, maji yanapanda na ukingo hauingiliki, na usipokata kabla ya hapo huna mafunjo ya kukausha, huna mikeka, mpaka maji yapungue tena. Baiskeli za Baba zilitosha chumvi na sabuni. Nyumba ilisimama kwa mikeka.

*

Ofisi ya kambi ilikuwa na feni, viti vya plastiki, na ukutani picha mbili kubwa. Moja ilikuwa ya Mama kitini, mdomo wazi katikati ya neno. Ya pili ilikuwa ya ukingo wa kinamasi jioni, mafundo yamejipanga, vijana wameshikana mabega. Mratibu, kijana wa kizibao chenye mifuko mingi, aliinuka na kumkumbatia Mama.

"Mama yangu mzazi! Umeiona picha? Wafadhili wameipenda ajabu. Wanasema ukingo mzima umepumzishwa na vijana wa mataifa."

"Ndilo lililonileta," akasema Mama. "Watu hawawezi kukata."

"Si mafundo tu, Mama? Yafungueni."

"Yana wenyewe."

"Wenyewe wameshaondoka."

"Ndiyo maana nimekuja kwako na sikwenda kwao."

Mratibu akamtazama Kasuku, kama anayetaka atafsiriwe ingawa wote walikuwa wanasema lugha moja. Kisha akachukua simu, akampigia Twiga kwa video. Uso ukatokea, nyuma yake dirisha jeupe kwa theluji. Kasuku alimweleza. Twiga akajifunika mdomo, akalia, akaomba radhi mpaka Mama akasema, "Mwambie basi, mwanangu, yaishe. Mwambie aseme tufungue."

Twiga akajifuta machozi, akafikiri. Alichojibu, Kasuku alikitafsiri taratibu.

"Anasema yake tufungue, ametoa ruhusa. Ya wenzake hawezi kuwasemea. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha hivyo."

"Mwambie awasemee tu," akaingilia Mratibu. "Nani atamuuliza?"

"Hapana," akasema Mama. "Mwache. Amesema sawa." Akakisogelea kioo cha simu. "Muulize anaweza kuyatambua ya kwake?"

Walimwonyesha picha ya ukutani. Twiga alitazama sana, akatikisa kichwa. Alikuwa amewasaidia wenzake kukaza ya kwao, na hakujua tena lipi ni lipi.

Mratibu akawatumia wengine ujumbe. Waliojibu siku hiyo ni wachache. Baadhi walituma alama ya moyo. Mmoja alituma dole gumba, na mmoja aliandika kwamba tafadhali wasiyafungue, wakiache kinamasi kipumue. Mama alipotafsiriwa maneno ya huyo wa mwisho aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anavyoitikiwa mtu aliyesema ukweli mahali pasipo pake. Walipotoka, Mratibu alimpa fulana ya kambi. Ilikuwa ndogo. Mama akaishika mkononi mpaka nyumbani.

*

Wanawake walikaa kikao kwenye kibaraza cha Shangazi. Mama Pacha alisema wazi kwamba mafundo ya watu wasiojua si mafundo, ni mchezo, na yeye kesho anaingia na mundu.

"Ingia," akasema Shangazi. "Lipi la mchezo, lipi la kweli? Langu ukilikata kwa bahati mbaya utasema ulidhani la mgeni. Na mimi nitasema hivyo hivyo nikilikata lako. Tukianza hapo hatumalizi."

"Kwa hiyo tufe njaa kwa heshima?"

"Maji yatapanda yatayavunja yote. Yakipungua, tunaanza upya, kila mtu na lake. Msimu mmoja. Hatutakufa."

Wakamtazama Mama. Mama, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kusema, alisema wa mwisho. "Wifi yuko sawa. Aibu ni yangu, na nawaomba radhi. Lakini tusifungue."

Wakakubaliana. Wengine kwa kununa, lakini wakakubaliana. Ni hapo mimi ninapowavulia kofia wale wanawake, maana kila mmoja alijua nyumbani kwake kuna nini chunguni, na bado hakuna aliyekwenda kwa siri.

Wakatawanyika kutafuta vibarua. Shangazi alibeba matofali kwenye jengo, akirudi jioni hawezi kunyoosha shingo. Mama Pacha alichoma mahindi kando ya barabara. Mama alipata kazi ya kufua mashuka kwenye bweni la kambi, kwa kuwa kundi jingine lilikuwa linakuja.

Siku moja Kasuku aliitwa ofisini kutafsiri barua. Alipotoka alimkuta mama yake uani, ameinama kwenye karai, mikono imechubuka kwa sabuni kali. Kupitia dirisha la ofisi ungeweza kuona ile picha yake akiwa kitini. Mratibu alipita akiwa na wageni wawili wapya, akashika shuka moja kwenye kamba.

"Mama, hapa doa limebaki," akasema, kwa upole kabisa. Akaendelea kuwaonyesha wageni njia.

Mama akalitoa lile shuka kwenye kamba, akalirudisha karaini. "Tangulia nyumbani," akamwambia Kasuku bila kuinua uso. "Umpashie baba yako chakula."

Kasuku hakwenda nyumbani. Alijiambia kwamba yeye ndiye aliyefunga kwa mdomo wake, basi na afungue kwa mikono yake, na aibu imshukie yeye peke yake. Ukimsikiliza, utaona hoja ina miguu. Kwani nani mwingine alikuwa karibu zaidi na wale wageni? Kama kuna aliyekuwa na haki ya kuwasemea, si yeye mkalimani wao? Basi akaingia majini na nguo zake, mchana kweupe, wenzake wote wakiwa vibaruani, akaanza kufungua.

Yale yaliyolegea yalifunguka kwa kuvuta. Yale yaliyokazwa aliyang'ata kwa meno. Makali ya mabua yalimchana viganja, chumvi ya jasho ikaingia, na kwa mara ya kwanza tangu vijana waondoke alijisikia mwepesi. Alifika kwenye kona akasita. Hapo mafundo mazuri yalikuwa mengi, yamekaa pamoja. Alijua kwamba moja ni la Shangazi. Alilitafuta. Aliyazunguka, akayagusa, akajaribu kukumbuka Mama alisema nini kuhusu mkono wa mtu na mkono wa mwingine. Alikuwa amelieleza hilo kwa lugha ya kigeni mara nyingi, kwa ufasaha, watu wakaandika. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufunga hata moja. Fundo la Twiga na fundo la Shangazi kwake yalikuwa kitu kimoja.

Akayafungua yote. Na kule ndani, alikopumzisha Mama, nako akapita.

*

"Nimefungua," akasema jioni, akionyesha viganja. "Mimi peke yangu. Waambie ni mimi. Nendeni mkakate kabla ya mvua."

Mama alikuwa ameingia sasa hivi, fulana ya kambi ameifunga kichwani kama kilemba. Alivishika viganja vya mwanawe, akavigeuza kwenye mwanga. Kwa kitambo uso wake ulikuwa wa mama tu.

"Na la Shangazi yako?"

"Sikulitambua."

"La Mama Pacha? Langu?"

"Yalifanana, Mama."

"Umefungua yote."

"Yote."

Mama akaviachia vile viganja taratibu, akakaa chini, mgongo ukutani. "Ungefungua moja tu ukaitwa mwizi," akasema. "Mwizi tunajua tumfanye nini. Sasa hapa mwizi nani?"

Baba alisimama mlangoni, spana mkononi. "Labda hawatakwenda," akasema.

Walikwenda. Asubuhi Mama Pacha aliona ukingo uko wazi, akaita mwenzake, naye akaita wake. Kwanza walikata kwa kuogopana, kila mmoja akikaa alikodhani ni kwake. Halafu mmoja akavuka kidogo, kwa kuwa palikuwa wazi. Aliyevukiwa akavuka kwa jirani. Kufikia adhuhuri walikuwa wanakimbizana na mizigo, wanawake waliokuwa wakipeana mkono kwenye tope, wakikata hata machanga ya kidole kimoja, yale ya kupumzishwa, yasiyofaa hata kamba. Ukimuuliza yeyote, atakwambia: nimekuta kumefunguliwa. Na alikuwa anasema kweli.

Shangazi alifika amechelewa kutoka kwenye matofali. Alisimama kwenye kona, pale alipopumzisha misimu miwili, akifunga upya kila maji yakipungua, ili amsomeshe mjukuu, akaona visiki tu. Hakupiga kelele. Alikuja hadi kwa Mama, ambaye alikuwa amesimama ukingoni bila mundu.

"Wifi, hata wewe umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi unayo," akasema Shangazi. "Ya nini, sasa?" Akaondoka, shingo yake imepinda kwa matofali.

Mvua zikanyesha. Maji yalipanda juu ya ukingo mtupu, yakachukua udongo ambao mizizi ilikuwa imeushika, na njia ya kushukia ikamomonyoka. Kambi ilifungwa mwaka huo kwa ajili ya ukarabati. Twiga aliandika mara mbili tatu kuuliza habari za kinamasi. Kasuku alianza kumjibu, akafuta, akaanza tena, na mwisho akamwandikia kwamba wote hawajambo.

*

Maji yalipopungua, mafunjo yaliota tena, membamba na ya manjano, lakini yaliota. Kasuku sasa alikuwa anakata pamoja na mama yake. Hakuna aliyemlazimisha. Aliona hana uso wa kukaa ofisini akieleza mambo ambayo mikono yake haiyajui. Mama alimfundisha kukata chini kwa mpigo mmoja, kuhesabu mzigo kwa uzito wa bega, na kufunga. Alijifunza haraka. Mwisho wa msimu aliweza kulitambua fundo la Shangazi kwa mbali, kwa jinsi kishungi kilivyolala upande wa kushoto, na akashangaa ilikuwaje hakuliona.

Wanawake wote walikuwa wamefunga tena. Walikubaliana kwenye kibaraza kilekile, kwa maneno yaleyale, kila mtu na lake. Lakini fundo lilianza kukutwa limefunguka hapa, limekatwa pale, na mwenye kukuta alikuwa anauliza kwa sauti isiyomlenga mtu, na hakuna aliyekuwa anajibu. Mama alikuta lake limefunguliwa, kipande kimekatwa robo. Alilifunga upya. Akalikuta tena limefunguliwa. Jioni hiyo alikula kidogo, akamwambia Baba, "Watu wana njaa," na Baba akasema, "Na sisi je?"

Asubuhi walishuka wawili, Mama mbele, Kasuku nyuma. Ukungu ulikuwa bado umelala. Mama hakusimama kwenye kipande chao, ambacho kilikuwa kimebaki cha kufunika kiganja. Alipita, akaenda hadi kwenye kona. Hapo mafunjo yalikuwa yamesimama, mabichi, mazuri kuliko yote, na mbele yake fundo, kishungi kimelala kushoto.

"Mama," akasema Kasuku. "Hilo ni la Shangazi."

"Najua la nani."

"Lake, Mama. Sasa hivi nalitambua."

"Nimekusikia." Mama alikuwa ameshika yale mabua kwa mkono wa kushoto. Mundu ukapita chini ya fundo, mara moja, bila shida yoyote. Akaliweka kando juu ya maji, akaanza kukata mabua ya nyuma yake. "Kata, mwanangu. Tusipokata sisi watakata wao."

Kasuku alitaka kusema. Alikuwa na maneno, kwa lugha mbili, na safari hii hakuna aliyemuuliza. Akainama akakata.

Upande wa pili, ndani kidogo, palisikika mundu mwingine. Ukungu ulipofunguka walimwona Shangazi, maji kiunoni, amesimama kwenye kipande cha Mama Pacha, mzigo wa mafunjo mabichi begani. Naye akawaona. Akatazama walipo. Akatazama mundu wa Mama.

"Mmeamkaje, wifi?" akauliza Shangazi.

"Salama, wifi," akajibu Mama. "Za kwako?"

"Nzuri tu. Baba Kasuku hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Nami namsalimu," akasema Shangazi. Akauweka mzigo wake vizuri begani, akageuka, akaendelea kukata.